Tone la Saa Mbili Usiku

Mara ya kwanza Sista Apolonia aliponitia tone
aliniambia nikae kwenye benchi, nisiguse.
Nusu saa haikuisha, mboni zikafunguka
kama milango ya maduka siku ya mshahara.
Nikatoka Upanga nimebeba mwanga wote wa Dar es Salaam:
mabati, vioo vya magari, kanzu ya mtu nisiyemjua,
vyote vinanipigia kelele.
Kinywa kikavu kama sufi.
Nikafika kibandani, nikashika saa ya mteja,
nambari zikaogelea.

"Ile ilikuwa ya kufungulia dirisha tu," alisema Daktari Nsajigwa,
"tupate kuchungulia ndani."
Alikuwa amechungulia, akanyamaza kupita kawaida.
Presha ya macho. Maji yanayoingia yanazidi yanayotoka,
na mshipa wa kuonea unaliwa bila maumivu,
kama na mwizi anayechota sukari
kijiko kimoja kila siku.

Nikapewa kichupa chenye kifuniko cha manjano.
Tone asubuhi, tone saa mbili usiku.
Timololi: jina kama la mshambuliaji wa kigeni
aliyesajiliwa juzi pale Msimbazi.

Mimi ni fundi saa, Mtaa wa Narung'ombe.
Miaka thelathini na moja najua
jinsi kidogo kinavyokiangusha kikubwa:
unywele kwenye gurudumu, jasho kwenye springi.
Sikujua kwamba jicho lina mfereji wake,
kwamba tone hushuka puani,
likaacha uchungu kooni,
likaingia damuni bila kubisha tumboni
na kwenda kuuambia moyo:
taratibu, bwana, taratibu.

Wiki ya pili ngazi za nyumbani ziliongezeka.
Kidawa akasema, "Mwinshehe, unapumua kama filimbi iliyopasuka."
Usiku ule nikachukua Seiko ya mteja,
niliyoiponya mwenyewe mchana,
nikabonyeza kifundo cha mkono, nikahesabu.
Arobaini na sita kwa dakika.
Ningekuwa saa, ningejifungua mgongo.

"Utotoni ulikuwa na pumu?"
"Nilikuwa nayo."
"Mbona hukusema?"
"Niliulizwa habari za macho."
Hakucheka. Mimi pia sikukusudia kuchekesha.

Alichora kwa kalamu nyuma ya cheti.
Mwilini mna neva zisizongoja amri zetu.
Kundi moja hukuandaa kukimbia:
mboni wazi, moyo mbio, kifua kinapanuka.
Jingine hukukalisha kitako:
mate, choo, mboni ndogo, mapigo ya utulivu.
Dawa za macho huiga sauti ya kundi mojawapo,
au hulifumba mdomo.
"Tatizo," akasema, akichora duara kuzunguka picha yote,
"masikio yako mwili mzima."
Kile kichupa cha manjano akakitia kwenye droo yake.

Sasa ni pilokapini, mara nne kwa siku.
Mboni zangu ni matundu ya sindano.
Siku za mwanzo paji la uso liliuma
kana kwamba nimefungwa kamba ya mzigo.
Lakini mezani, ajabu! Jino la gurudumu naliona
kama nilivyoliona kabla sijaoa.
Jua likizama tu, hesabu inageuka:
giza linanifikia mimi kabla ya wenzangu,
na kutoka Kariakoo hadi Gerezani
nautafuta mtaro kwa ncha ya mwavuli,
nikiwasalimia watu kwa kukisia harufu na kikohozi.

Saa mbili kamili. Natia tone, nafumba,
nabana kwa kidole pembe ya jicho, karibu na pua,
ili mfereji usipate chake.
Dakika mbili. Kidawa anahesabu kwa ile Seiko,
mwenyewe hajaja kuichukua.
Anahesabu haraka haraka, ana chungu jikoni.
"Tayari," anasema.
Mimi nasikiliza kwanza kifuani.
Bado, namwambia. Bado kidogo.