Kiraka cha Nne

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tuliuziba.
Mwaka juzi tuliuziba kwa kifusi, tripu moja,
Krismasi kwa matofali ya nyumba ya Mwansasu iliyobomolewa,
kisha kwa lami ya moto, nyeusi, inayong'aa,
siku mbili kabla ya ugeni kupita.
Mvua ya Machi ikaja ikaondoka na vyote
mpaka kwenye mahindi ya watu.

Ni pale Ilomba, kushoto ukitoka Uyole,
ndani ya mstari mweupe waliotuchorea sisi wa baiskeli.
Malori ya Tunduma hayalijui shimo hili.
Ambakisye analijua, jino lake la mbele limebaki humo.
Mimi lenyewe linanijua:
lita kumi na moja za maziwa, asubuhi ya ukungu,
dumu limepasuka,
na mbwa wa jirani hawakungoja kukaribishwa.

Tukaandika barua. Ikajibiwa: limefanyiwa kazi.
Na kweli lilifanyiwa kazi,
ila kazi haikulifanya kitu.

Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio,
akaja fundi mmoja, Tusekile, buti mpaka magotini.
Hakuja na lami.
Alilala kifudifudi barabarani, sikio chini,
kama mkunga juu ya tumbo.
"Hapa hamna shimo," akasema akijipangusa.
"Mna mto. Mmeuvalisha kofia."

Wakachimba siku tatu.
Tulinung'unika, tukisukuma baiskeli kwenye tope.
Chini kulikuwa na kalavati la zamani, limezibwa
na mizizi ya mkaratusi, kandambili moja ya mtoto,
na matofali, yale yale, ya Mwansasu.

Hakuna aliyesema neno.

Wakazibua. Wakapanga mawe, wakamwaga kokoto,
wakashindilia, wakamwaga, wakashindilia
mpaka vikombe vya mama Sekela vikalia kabatini.
Lami ilikuja mwisho, nyembamba,
kama mtu asiyetaka sifa.

Machi imepita sasa.
Maji yana njia yao huko chini, ukisimama unayasikia.
Juu pamenyooka, huwezi hata kumwonyesha mgeni ni wapi.
Lakini kila asubuhi nikifika pale
nakata usukani kulia, madumu yanagongana,
na Ambakisye nyuma yangu anacheka kwa pengo lake:
"Unakwepa nini, mzee?"

Miguu yangu, namwambia, haijapata barua.