Safu ya Nne

Waraka umekuja na gari la takataka,
maana barua na pipa siku hizi hutoka ofisi moja:
kuanzia mwezi wa Rajabu
Lubayt si kijiji tena. Ni mtaa,
mtaa namba kumi na saba wa Sufayla,
mji wenye mataa manne na duka la miwani.

Mimi ndiye karani. Natazama watu thelathini na mmoja
wakipanda ngazi za sabla kutia dole gumba.
Muhenna, wakili wa falaji, kaja na daftari lake
la zamu za maji: nusu saa ya huyu, robo ya yatima,
dakika saba za msikiti.
"Na maji nayo yanahamia Sufayla?"
Namwambia maji hayakutajwa.
"Basi hawajui walichokichukua,"
anasema, na wino unamkaukia kidoleni.

Kibao cha njia panda kiling'olewa jana.
Imebaki nguzo, na beberu la Ghusni
linajikuna hapo, utadhani liliingoja miaka.

Safu ya kwanza jina. Ya pili ukoo. Ya tatu umri.
Ya nne: mahali pa asili.
Wanasema Lubayt. Kompyuta inakataa.
Nabonyeza tena; inashusha orodha ndefu,
na Lubayt haimo.
Watu waliokula tende za mitende
iliyopandwa na babu wa babu zao
wananikodolea macho.
"Sasa sisi wa wapi, binti?"

Bibi yangu Shinuna kakaa mwisho wa mkeka.
Miaka hamsini na tisa yuko hapa,
kazaa hapa, kazika hapa,
na hadi leo ni "yule wa Unguja."
Akipika wali wa nazi jirani hufunga dirisha,
halafu humtuma mtoto na bakuli.
Tangu asubuhi hajatia neno.
Sasa anakunja miguu, anapangusa mkeka kwa kiganja,
anagonga mara mbili ubavuni pake.

"Karibuni," anawaambia kwa Kiswahili.
"Mtazoea. Miaka kumi ya mwanzo ndiyo migumu."

Muhenna anakuwa wa kwanza kukaa.
Kiswahili hakijui. Mkeka kauelewa.

"Na wewe," bibi ananigeukia,
"funga hicho kidude chako, ulete kahawa."