Puli Ndogo

Huku Uyole hewa ni nyepesi,
hata kiberiti huwaka kwa kusitasita.
Gari langu, la Mjerumani lililozeekea Japani,
likifika kona za Isyonje hukohoa
kama mtu aliyebeba debe la viazi ngazini.
Nikaambiwa: supachaja yako ina puli kubwa.
Weka ndogo. Ndogo huzunguka mbio,
upepo unasukumwa, injini inashiba.

Nilikwenda kwa Lusekelo, fundi wangu wa miaka tisa.
Alifuta mikono kwa kipande cha kanga,
akainama, akasikiliza, akasema laki mbili na nusu,
tena akasema kesho.
Kesho ya Lusekelo naijua:
ina msiba wa Kiwira ndani yake,
ina kijana aliyetumwa beringi Mwanjelwa
akarudi na kreti ya soda.

Basi Jumamosi. Nyumbani. Mimi.
Nyuma ya banda la kuku nikatandika gunia la mbolea,
nikapanga spana kwa ukubwa, kwa majivuno.
Mkanda ukatoka. Boliti tatu zikatoka,
ya nne ikatoka na ngozi ya kidole.
Lakini puli yenyewe! Imeng'ang'ania shafti
kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Nyundo niliiogopa: ukigonga hapa
beringi zinaumia kule ndani,
na supachaja haiagi mara mbili.

Nikampigia Ezekia, kijana wa gereji ileile.
Alikuja jioni kwa baiskeli,
pula kaificha ndani ya koti.
"Elfu tatu," alisema, "na bosi asijue."
Ile pula ina miguu mitatu. Ilikumbatia chuma,
tukakaza robo, tukapumzika, tukakaza robo,
mpaka ikasema tak
na kuku wote wakanyamaza.

Kuvalisha mpya ni habari nyingine.
Chuma cha Juni hakipokei mgeni.
Nikabandika sufuria juu ya mkaa,
nikamimina mafuta lita mbili, nikaizamisha puli.
Subilaga akatoka, mwiko mkononi.
"Hiyo ni sufuria ya makande."
"Najua."
"Na mafuta ni ya wiki nzima."
"Najua, mama Tumpe."
Alisimama akiitazama inavyochemka.
"Ikiiva," akasema, "tutakula na chumvi?"

Kisha akachukua tochi bila kuombwa.
Niliisukuma puli kwa koleo, ikaingia
laini, kama mguu kwenye kiatu cha zamani.
Nikapiga mluzi wa ushindi.
Yeye akafumba jicho moja.
"Imeegemea kushoto."
"Wapi?"
"Unywele mmoja. Nina cherehani miaka kumi na minne,
najua mkanda unavyoanza kutoroka.
Isukume kabla haijapoa."
Nikaisukuma.
Hilo fundi asingelisahau. Mimi nililisahau.

Jumapili nilipanda Isyonje kwa gia ya nne.
Ukungu ulinipisha. Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Wakati wa kurudi, Lusekelo alikuwa kando ya lami,
anachagua mhindi wa kuchoma.
Hakunitazama mimi. Aliinamisha sikio.
"Lina sauti mpya. Nani kalishika?"
Nikasema: mke wangu.

Hakucheka. Alifungua boneti,
akapitisha kidole ukingoni mwa mkanda,
mbele, nyuma, mpaka mhindi ukapoa.
"Jicho zuri hilo," alisema.
Akaona puli kubwa kwenye kiti cha nyuma,
akaiokota, akapapasa mikwaruzo mitatu.
"Na miguu hii naijua."
Akaitumbukiza mfukoni mwa ovaroli, akaondoka.
Sikumdai.

Ezekia bado yuko pale gereji, nimemwona.
Makande ya Jumatatu yalinukia chuma.
Tulikula.