Deni Mlangoni

Stefko alisema: iuze kwa kilo.
Chuma ni chuma, dada, na hiyo nusu yake ni kutu.
Nikamjibu kwamba hata yeye nusu yake ni kitambi
na hakuna aliyempeleka mizanini.

Basi Novemba nikaivuta kwa trekta,
Fargo ya baba, ya mwaka sitini na moja,
kutoka nyuma ya ghala, ambako mti mwembamba
ulikuwa umetoboa sakafu, ukachungulia kiooni
kama abiria anayeuliza: tumefika?

Nje, Saskatchewan, nyuzi thelathini chini ya sufuri,
theluji ikivuka barabara kwa tumbo.
Ndani ya gereji, jiko la kuni, balbu moja,
na mimi na spana ya tisa kwa kumi na sita.

Boliti ya kwanza ilinila siku tatu:
mafuta, moto, nyundo, matusi ya Kiukraine
niliyofundishwa na bibi bila yeye kujua.
Ya pili ilikatika shingo.
Ya tatu ikafunguka yenyewe, kwa dharau.

Chini ya kiti: punje za ngano, kifungo cha koti,
kiota cha panya kilichofumwa kwa risiti za mbolea.
Kabureta nimeisugua kwa mswaki.
Sakafu nimeilehemu kwa bati la pipa la nafaka.
Breki za ngoma nimezing'oa, nimetia za diski,
maana baba alisimamisha gari kwa gia, kwa maombi,
na mara moja kwa ukuta wa kanisa.
Waya mpya. Mikanda ya usalama. Lakini injini ni ile ile,
silinda sita zilizoinama ubavu
kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani.

"Unaitengeneza au unaibomoa?"
aliuliza Lloyd Friesen wa duka la vipuri.
Nikamwambia bado hatujakubaliana, mimi na yenyewe.

Mlango wa dereva niliuacha mwisho.
Machi, nikabandua kipande cha zulia
ambacho mama alikigundisha kuzuia upepo,
na nyuma yake, penseli ya baba:

Oili, Mei 9.
Mvua ya kwanza, Juni 2. Imechelewa.
Oili.
Mvua ya mawe. Shayiri yote.
Pawluk, magunia 3 ya mbegu.
Stefko, dola 40, viatu vya barafuni.
Oili.

La Pawluk limekatwa kwa mstari.
La Stefko halijakatwa.

Nikakaa juu ya ndoo, msasa mkononi.
Kuni zikapasuka jikoni.
Sikuupiga.

Nilimpigia simu: njoo uone kutu yako.
Alikuja Jumapili, akasoma mara moja kwa macho,
mara ya pili kwa kidole.
"Nilimlipa," akasema.
Kisha: "Nadhani nilimlipa."
Kisha hakusema.

Dawa ya deni kulipa, wanasema,
lakini mdai amelala chini ya msalaba wa mawe,
na mdaiwa aliyekopa akiwa na miaka kumi na mitatu
sasa ana sitini na minane,
anavuta kamasi na kusingizia moshi.

Akaweka noti mbili za ishirini juu ya bawa la gari.
"Na riba je?" nikamuuliza.
Akavua koti. "Nipe spana."

Penseli ilikuwa sikioni mwangu mchana kutwa.
Hakuna aliyeiomba.
Zulia tukalirudisha na gundi mpya.

Aprili ilikohoa mara mbili, ikatema panya mkavu,
ikawaka. Arobaini zilinunua thamostati,
na sasa hita inapuliza kweli,
upande wa dereva tu.
Stefko, abiria, amevaa glavu
na hajalalamika hata kidogo mpaka mjini.