Mstari wa Mwalimu Shaame

Darasa la Kiingereza, Wete, baada ya alasiri.
Chaki yachora mstari:
huku "hakika", kule "muhali".
"Wenyewe wana maneno yao ya katikati.
Kwanza nipangieni yetu."

"Yamkini" nikalisogeza karibu na hakika.
"Huenda" na "labda" yakagombania nafasi moja.
"Sidhani" likajikunyata kule mwisho.

Likanibaki moja mkononi,
la baba, kwenye simu ya Maskati:
"Mfunguo mosi nitakuja, inshallah."

Mwaka juzi alilitamka polepole,
akaja.
Mwaka jana alilitamka mbiombio,
likaja boksi la tende.

Jana alivuta pumzi kwanza.

"Bikombo, hilo mbona hukuliandika?"

"Mwalimu, hili
linahama."