Goti la Kaka

Sunaina kafinyanga ndege wawili
kwa udongo wa mto Kamala,
mto uleule uliobomoa jiko lao
mvua zilipopita kiasi.

Kamuumba na Chugla, mfitini,
sharubu zake nyuzi za katani;
wasichana wakazitia moto wakicheka:
"Ulimi wako nao uungue, mchongezi!"

Mwezi mpevu wa Kartik
umekaa juu ya shamba lililolimwa.
Kila dada na kaka yake:
ndege huwekwa gotini, huvunjwa, ka!
Ndivyo Sama, aliyelaaniwa kwa uwongo,
anavyorudishiwa utu wake.

Goti la Birju liko Doha,
limeganda saruji,
limeinamia vigae vya sebule za watu.
"Mpe Lalit avunje," asema kwenye simu,
mtandao ukakatika
dada hajajibu.

Lalit yupo. Binamu mwema,
ana magoti mawili mazima.

Lakini Sunaina amemviringisha ndege
katika kipande cha sari kuukuu,
akampandisha darini
penye mpunga wa mbegu.

Mama kamwona. Hakusema kitu.
Alisogeza gunia tu,
panya wasimfikie.