Fomu ya Ijumaa

Tangaza fani yako, wanasema,
kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa.
Mimi nilidhani hutangazwa vita, na msiba,
na mtoto aliyepotea sokoni.

Fomu ni ukurasa mmoja. Kisanduku kimoja.
Nimekaa nayo siku kumi na moja ndani ya kitabu cha takwimu,
imepata doa la kahawa lenye umbo la figo,
na Kayleen, mwenzangu wa chumba, kaandika pembeni kwa penseli:
weka chochote, mimi nimebadili mara tatu
na bado nala viazi vilevile.

Baba anataka uhasibu.
Hasemi anataka. Hunitumia picha za nyumba
ya binti wa Tregenza, mhasibu,
yenye gereji ya magari mawili.
Hatumi maneno. Gereji tu.

Nilijaribu, muhula wa kwanza.
Nilipenda safu mbili zinavyolazimishwa kulingana
kama ndugu waliogombana wakipigishwa picha.
Ila nikifunga daftari
mkononi sibaki na kitu.

Kisha Oktoba Bi. Lindqvist akatutoa Missoula kwa basi
hadi pale barabara ilipoukata mlima kama keki,
akagonga kwa nyundo, akatugawia vipande, akasema:
Rambeni.
Tukacheka. Tukaramba.
Jiwe likilowa, chembe zake hujitokeza,
kijani, nyeusi, moja inayong'aa kama jicho la panya.
Ladha ya chuma na vumbi,
ya kitu kilichokuwepo kabla ya ndimi.
Nilichelewa kulirudisha. Liko mfukoni hadi leo.

Nilipomwambia baba kwenye simu
nilisikia friji yao ikinguruma, Butte, jikoni.
"Babu yako," akasema hatimaye,
"alishuka chini ya mji huu miaka ishirini na tisa
akiifuata shaba. Alipokufa daktari alituonyesha mapafu yake.
Meupe kote, kama dirisha la Januari.
Mawe yameshakula kwetu, Danica. Yameshiba."

Nilitaka kumjibu: babu aliambiwa achimbe,
hakuna aliyemwambia anachimba nini,
kimelala tangu lini, nani alikilaza.
Nataka nikijue kwa jina kilichomla.
Badala yake nikasema theluji imeanza.
Akasema hata huku.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika kumi.
Mvulana mbele yangu anaomba aandike "bado".
Hairuhusiwi.
Kalamu ya msajili ina mnyororo mfupi,
lazima uiname kama unayeamkia wakwe.
Nikaandika U. Mkono ulikwenda wenyewe
kwa mazoea, au kwa woga.
Nikaikata. Nikaandika Jiolojia kando yake,
na ile U ikabaki pale, kikombe kitupu
chenye mstari mdomoni.

Karani akagonga muhuri bila kuinua macho.
"Tarehe umesahau."
Nikaweka tarehe.

Nikampigia picha fomu yangu, nikamtumia baba.
Sikuongeza neno; kwetu ndivyo tunavyoandikiana.
Jumamosi, kimya.
Jumapili usiku simu ikatetemeka juu ya meza,
na safari hii haikuwa gereji:

Huko mkipasua mawe,
huwa wanawapa barakoa?